Fundo la Mzee Kamba

Mzee huyu alikuwa na jina zuri tu, alilopewa na bibi yake siku aliyozaliwa, lakini mtu wa mwisho kulitumia alikuwa karani wa vitambulisho, na hata yeye alilikosea herufi mbili. Watu wengine wote, kuanzia mwenye gereji mpaka muuza betri wa mlango wa pili, walimwita Mzee Kamba. Mke wake wakipatana alimwita baba watoto. Wakigombana, alikuwa Kamba kama kwa watu wote: "Wewe Kamba wewe, utanitoa roho."

Jina lilitoka kazini. Gereji yao ilikuwa ya pikipiki, pembeni mwa barabara kuu, mlango wa bati, sakafu imeshiba mafuta mpaka imekuwa nyeusi na laini kama ngozi. Sasa pikipiki ikiharibika haiji gereji kwa miguu yake, lazima ifuatwe. Na ikiwa imezimikia mbali, gari hutangulia, kamba hufuata, na pikipiki iliyokufa huja nyuma ikiwa na mtu juu. Kwa miaka ishirini na saba mtu huyo wa juu alikuwa yeye.

Asiyewahi kuvutwa hudhani ni kazi ya kukaa tu na kutazama miti ikipita. Kumbe gari lina magurudumu manne na halijui kama kuna kiumbe nyuma yake. Likipunguza mwendo, kamba inalegea, inashuka chini na kulitafuta tairi la mbele la pikipiki. Likiongeza, kamba inakaza ghafla na usukani unanyakuliwa kuelekea upande ule ilikoshikizwa. Kwenye kona ndiyo usiseme, maana kamba haifuati barabara, inapita njia yake ya mkato. Kwa hiyo aliye juu ya pikipiki anatakiwa akanyage breki kidogo muda wote ili kamba isilegee, na macho yake hayako kwenye gari wala kwenye miti. Yako kwenye kamba.

Halafu kuna ile ncha ya mwisho, na hapo ndipo Mzee Kamba alipojipatia jina. Watu wengi hufunga. Wanaipeleka kamba kwenye usukani, wanapiga fundo, wanapanda. Yeye hakufunga hata siku moja. Kamba aliipitisha chini ya taa, akaileta juu kwenye shingo ya usukani, akaizungusha mara moja na nusu kwenye mshiko wa kushoto, na ile ncha akaifumbata kiganjani. Basi. Mambo yakiharibika, anafungua mkono, kamba inajizongoa yenyewe na kwenda zake na gari, naye anabaki na pikipiki yake na breki yake, anasimama pembeni kama bwana.

"Kamba haifungwi, inashikwa," aliwaambia mafundi wapya. "Ukiifunga wewe ni mzigo. Ukiishika wewe ni dereva."

Mafundi waliyarudia maneno hayo kwa kuigiza sauti yake, wakibana pua, kwa sababu kweli alikuwa anaongea puani kidogo. Hakukasirika. Alijua wanaposhika kamba wanayakumbuka.

Mkono wa kushoto ulianza kufa kwa vidole. Mwanzoni asubuhi aliamka akakuta kidole gumba na viwili vinavyokifuata vimelala, akavitikisa vikaamka. Mwaka uliofuata vikawa vinachelewa, kama wanafunzi siku za likizo. Baadaye ikawa mpaka saa sita mchana ndiyo anaanza kuvihisi, na siku nyingine siku nzima inapita havijaja. Alijichoma na sindano ya mke wake, ambaye ni fundi cherehani, akaona damu inatoka, maumivu hakuyaona. Akaifuta damu, akairudisha sindano mahali pake.

Mtu wa gereji akipoteza vidole anajulikana haraka, kwa sababu nati zinaanguka. Mzee Kamba alikaa na hilo jambo siku tatu, siku ya nne akavunja spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, akaifunga kwenye ncha ya waya mgumu, na tangu siku hiyo nati zote akawa anaziokota na kuzipeleka mahali pake kwa sumaku. Mafundi wawili wakaona. Kesho yake kila mmoja akaja na sumaku yake. "Mzee ana maarifa," wakasema. Naye akawaacha waamini hivyo.

Si kwamba aliogopa njaa. Watoto wake wawili walikuwa wanajitegemea, na cherehani ya mkewe haikuwa na mapumziko. Alichokiogopa kilikuwa Jumatatu.

Hilo nalo lina maelezo yake. Palikuwa na fundi wa kuchomelea pale gereji, mtu wa rika lake, macho yakampungua. Mwenye gereji, ambaye ni mwanamke na gereji aliirithi kwa baba yake, alimuaga kwa heshima zote: soda, keki, saa ya ukutani na hotuba. Tangu hapo yule fundi akawa anakuja kila Jumatatu kusalimia. Anasimama katikati ya sakafu mikono nyuma. "Mnaendeleaje?" Anajibiwa, "Tunaendelea, mzee, karibu." Anaokota spana, anaitazama karibu kabisa na jicho, anairudisha mahali pasipo pake. Watu wanapita pembeni yake kama wanavyopita pembeni ya nguzo. Saa tano anasema haya, mimi nakwenda, wala hakuna anayeinua kichwa. Mzee Kamba alikuwa anaitazama ile Jumatatu kila wiki, huku mkono wa kushoto ameuficha mfukoni.

Kuvuta aliendelea. Vidole vilipokataa kufumbata, akawa anaikandamiza ncha ya kamba kwa nyama ya kiganja, akiibana na mshiko. Akawa anachagua pikipiki ndogo na njia fupi, na mambo yakapita mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

Asubuhi moja, yapata saa nne, simu ya gereji ililia. Mwenye gereji alisikiliza, akaziba simu kwa mkono.

"Baba mdogo," akaita. Alimwita hivyo tangu utotoni, alipokuwa anachezea vifuniko vya plagi chini ya meza ya baba yake. "Yule msambaza mikate amezimikia ng'ambo ya kilima. Anasema injini imepiga kelele kama bati halafu kimya."

"Cheni ya ndani hiyo imekatika. Asiipige kiki tena."

"Nimemwambia. Sasa shemeji yako anakwenda huko huko na pikapu, anachukua madirisha ya shule. Unaonaje, pikapu ibebe pikipiki kwanza, madirisha akayafuate baadaye? Au mtaivuta wakati wa kurudi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Angesema ibebwe, ingebebwa, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alisikia, au alidhani amesikia, kwamba yule binti ameuliza kwa upole mno, kama mtu anayempimia mzee uzito wa mzigo. Tena mafundi wawili walikuwa wanasikiliza.

"Kubeba ya nini?" akasema. "Tutaivuta."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, na pikapu yake aliipenda kuliko ndugu zake wengi. Njia nzima alipiga soga. Walifika kwa fundi wa alumini, wakapakia madirisha sita makubwa, wakayasimamisha wima nyuma na kuyafunga kwa mipira. Yalipokaa, kioo cha ndani cha dereva kikawa hakionyeshi kitu ila picha ya dereva mwenyewe.

"Angalau naona mtu mzuri," shemeji akasema.

"Vioo vya mlangoni je?"

"Hivyo vinaona kidogo. Wewe ukitaka kitu nyosha mkono wa kushoto nje, nitauona."

Mkono wa kushoto ndio unaoshika kamba, nao hauwezi kufanya kazi mbili. Jambo hilo shemeji hakulijua, kwa sababu miaka yote alikuwa mbele.

Msambaza mikate walimkuta amekaa kwenye jiwe, amevua kofia, anajipepea nayo. Pikipiki yake ilikuwa na sanduku la bati jeupe nyuma, pana kuliko kiti na refu kama kabati, na harufu ya mkate ilitangulia kumpokea mgeni. Nusu ya mikate alikuwa ameshaisambaza. Nusu ilikuwa bado mle.

"Niipande mwenyewe, mzee," akasema. "Ni pikipiki yangu, inanijua."

"Ingekuwa inakujua isingekuacha juu ya jiwe. Umewahi kuvutwa?"

"Kuvutwa na nini?"

"Basi kaa mbele."

"Kaa na mimi, ndugu yangu," shemeji akadakia, akimfungulia mlango. "Kile kiti cha nyuma kina cheo. Hata mimi sijawahi kupandishwa."

Wakacheka. Shemeji alifunga ncha ya mbele kwenye ndoano ya pikapu, fundo zuri la mtu aliyezoea mizigo, akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee Kamba akabaki peke yake na ncha yake.

Aliipitisha kamba chini ya taa. Akaileta juu. Akaizungusha mara moja na nusu, akafumba mkono. Aliuona mkono umefumba. Akavuta kidogo kujaribu, na kamba ikatoka polepole kati ya vidole vyake bila haraka wala ubishi, ikaanguka chini. Akarudia, na ikatoka tena. Mara ya tatu aliibana kwa kiganja, kama alivyozoea, lakini hii haikuwa pikipiki ndogo. Uzito wa sanduku ulikuwa unairudisha nyuma kwenye ule mwinuko, na kiganja kikateleza.

Kichwa cha shemeji kikatoka dirishani. "Shemeji! Unasali huko nyuma au tunaondoka?"

"Naangalia cheni!"

"Iambie tuna haraka!"

Hapo ndipo alipofunga. Alitumia mkono wa kulia na meno. Akaizungusha kamba mara tatu kwenye mshiko, akapiga fundo, akalikaza. Akilini alijipa sababu, tena sababu nzuri: kioo cha ndani hakioni, shemeji anahitaji ishara, na mkono ambao haujashika kamba uko huru kunyoshwa. Kwa hiyo leo, kwa leo tu, kufunga ndiyo usalama wenyewe. Mtu aliyefundisha jambo kwa miaka ishirini na saba hakosi maneno ya kujitetea anapolivunja, kwa sababu pande zote mbili anazijua.

Akaweka gia frii, akavaa kofia ngumu, akapiga kelele: "Twende!"

Walipanda kilima vizuri. Mwendo ulikuwa wa mtu anayekimbia bila wasiwasi. Kileleni upepo ulilisukuma lile sanduku, pikipiki ikayumba, akairudisha. Kwenye mteremko alikanyaga breki ya nyuma kama inavyotakiwa, kamba ikabaki imenyooka kama mstari wa rula. Mikono yote miwili ilikuwa imetulia juu ya usukani bila kazi ya kubana, na akajiuliza, kwa mshangao kidogo, kwa nini hakufunga miaka yote hiyo.

Chini ya mteremko kuna daraja la njia moja. Lori la mchanga lilikuwa limeshaingia upande wa pili. Shemeji alichelewa kuliona, akakanyaga breki kwa nguvu, ingawa alikuwa amebeba vioo. Mzee Kamba naye akakanyaga, lakini sanduku la mikate lilikuwa na mwendo wake, likasukuma, na pikipiki ikaisogelea pikapu hatua tatu zaidi ya ilivyopaswa. Kamba ikalegea. Ikashuka, ikajikunja upande wa kushoto wa tairi la mbele, nusu ikiwa chini yake.

Aliiona vizuri. Alijua kila kitakachofuata, kwa mpangilio. Siku nyingine yoyote dawa yake ilikuwa ni moja: mkono ufunguke.

Akanyosha mkono wa kushoto hewani. Wakati huo shemeji alikuwa anatazama kulia, akipima kama ubavu wa lori utapita bila kukwaruza madirisha, huku msambaza mikate akimwambia, "Linapita, linapita, usiwe na wasiwasi." Lori likapita. Shemeji akaingiza gia.

Mzee Kamba aliushusha mkono haraka alifungue fundo. Vidole vilifika pale, hilo aliliona kwa macho. Havikumwambia kama vimeshika kamba au vimeshika hewa. Vilikuwa vimejiingiza katikati ya kamba na mshiko. Pikapu ikaondoka, kamba ikakaza, ikavutika kutoka chini ya tairi kwenda kushoto, usukani ukageuka wote, na vidole viwili vikabanwa pale pale kama karatasi kwenye droo.

Akaanguka kwa ubavu. Lile sanduku kubwa lilifika chini kabla ya kitu kingine, likaizuia pikipiki isilalie mguu wake. Angalau kwa hilo lilifaa. Lakini pikipiki iliendelea kwenda, naye aliendelea kwenda nayo, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefungwa nayo. Alivutwa juu ya daraja hatua kumi na tano hivi. Sanduku lilifunguka mlango, mikate ikawa inatoka mmoja mmoja na kujipanga barabarani.

Kilichomwokoa ni kelele ya bati. Shemeji alidhani dirisha limeanguka, akasimama kwa hasira, akashuka.

Alikuja mbio kwa unene wake wote. Alitoa kisu mfukoni, akakata kamba kwanza, maneno baadaye. Mkono ulipotoka, kile kidole cha shahada kilikuwa hakina ncha. Bega lilikuwa limeshuka. Mzee Kamba alikuwa macho, anapumua, anatazama juu.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia. Usipige kelele."

Msambaza mikate alikuwa ameshika kichwa, "Mikate yangu jamani, mikate yangu!" halafu akaona kile kidole, akaona aibu. "Pole, mzee. Pole sana. Mikate si kitu."

Shemeji alikuwa anatazama kile kipande cha kamba kilichobaki kwenye mshiko. Yeye hakuwa fundi wa pikipiki, lakini yale maneno ya kamba haifungwi alikuwa ameyasikia mezani kwa dada yake mara nyingi kuliko sala.

"Nani kafunga hii?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mzee Kamba alifumba macho.

Hospitali walimfunga bega, mfupa wa mtulinga umevunjika, wakakishona kile kidole kilichokatika. Daktari aliuliza maswali kuhusu ule mkono, akaugongagonga kwenye kifundo, akasema kuna mshipa wa fahamu umebanwa pale, huenda ni miaka ya kushika vitu vinavyotetemeka, na kwamba ungeletwa mapema ungefunguliwa kwa upasuaji mdogo tu. Bado unaweza kufunguliwa, akasema, ila asitegemee mkono wote urudi.

Mke wake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anamenya chungwa.

"Nilikuwa sijui kama ugonjwa ni mkubwa hivyo," Mzee Kamba akaanza.

"Nani? Mimi nilijua tangu mwaka juzi."

"Ulijuaje?"

"Mashati yako yote yana vifungo vya kubonyeza. Ulidhani ni fasheni?"

Akalitazama shati lililotundikwa ukutani. Kweli, vilikuwa vya kubonyeza. Alikuwa amevivaa miaka miwili na kuvishukuru bila kuuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mkono ni wako? Fungua mdomo." Akamtilia kipande cha chungwa.

Siku ya sita, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alikwenda gereji. Mwenyewe alisema anakwenda kuchukua fulana yake ya kazi. Mwenye gereji alimpa kiti, akamtuma mtu alete chai, akaketi mbele yake juu ya tairi.

"Baba mdogo, usijisumbue kueleza. Shemeji yako amenieleza yote."

"Amekueleza nini?"

"Kwamba alikuwa na haraka na madirisha yake, akashuka akakufungia kamba yeye mwenyewe, wewe ukimkataza. Nimemwambia asikanyage hapa tena. Kazi za gereji yangu nitampa mtu mwingine. Mtu mzima, anajua kabisa haifungwi! Ningekuwa mkali zaidi, ila nimemwangalia dada yake."

Chai ilikuja. Mzee Kamba hakuigusa. Kazi za gereji hiyo ndizo zilizokuwa zinaiweka pikapu ya shemeji barabarani, hilo alilijua kuliko mtu yeyote, kwani ndiye aliyemleta. Alikuwa anaweza kunyamaza. Jambo lilikuwa limeshapangwa na watu wengine; yeye alihitaji tu kunywa chai. Bega litapona, kidole kitasemwa ni cha ajali, na kazi ataikuta. Alikaa hivyo mpaka chai ikaweka utando juu.

"Leta ile sumaku yangu," akasema.

"Ipi?"

"Ile ya kuokotea nati."

Aliletewa. Akaishika kwa mkono wa kulia.

"Unajua kwa nini naokota nati kwa hii?"

"Si ndiyo ufundi wako? Wote wamekuiga."

"Siyo ufundi. Ni uongo. Vidole vyangu vya kushoto havihisi kitu, mwaka wa tatu huu. Kamba nilifunga mimi, binti yangu. Ilinitoka mkononi mara tatu, nikafunga kwa meno. Shemeji alikuwa ndani ya gari, hakuniona. Amesema hivyo kunifichia."

Kule nyuma nyundo ilikuwa inagonga, ikaacha kugonga.

Mwenye gereji alipouliza, sauti yake haikuwa ya mtu anayeongea na baba mdogo.

"Umevuta pikipiki ngapi na mkono huo?"

"Hiyo ya mikate ni ya sita."

"Mara zote hizo mbele yangu. Nakuuliza asubuhi ile, ibebwe au ivutwe, unaniambia kubeba ya nini."

"Nilikuambia hivyo."

"Ungekufa, baba mdogo. Ungekufa juu ya daraja, na mimi ningemwambia nini mama mdogo? Kwamba mzee aliona haya?"

"Sikuona haya. Niliogopa ungeniaga na keki."

Akamtazama. Ilimchukua muda kuelewa, halafu macho yake yakaenda katikati ya sakafu, pale fundi wa kuchomelea anaposimama kila wiki.

"Hutavuta tena," akasema mwishowe.

"Najua."

"Wala hatavuta mtu yeyote. Tutachonga ubao wa kupandishia, pikipiki zitabebwa. Atakayeona anacheleweshwa akatafute gereji nyingine."

"Watapotea wateja."

"Wapotee. Wewe nenda kapasuliwe huo mkono. Ukirudi tutaangalia unaweza nini na huwezi nini, tena mbele ya watu, si kwa sumaku. Ukionekana hukiwezi, hukifanyi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na shemeji yako mpigie wewe. Mimi nilimtukana, naona aibu."

Alipasuliwa. Kidole gumba kilirudi chote, cha kati kikarudi nusu, cha shahada hakikurudi kabisa, na kwa kuwa kilikuwa kifupi sasa hakikuwa na hoja. Baada ya miezi mitatu alipimwa gerejini kama mwanafunzi: kaza hii, fungua ile, shika hapa. Kazi za chini ya injini alinyimwa. Kubadili matairi alipewa, na kusikiliza ugonjwa wa injini, na kwenda na pikapu kuzifuata zilizozimika, maana kuna namna ya kuifunga pikipiki juu ya gari isianguke, na hilo pia alikuwa analijua. Siku zake zikawa nne kwa wiki badala ya sita. Hakupenda, lakini alizikubali.

Safari ya kwanza walikwenda kufuata pikipiki ya mpiga picha mmoja, iliyopasuka giaboksi. Shemeji alikuwa amepaka pikapu rangi mpya kwenye milango na alikuwa na maneno zaidi ya kawaida.

"Ulisema ya nini ule ukweli wako?" akauliza. "Nilishajizoesha kuwa mtu mbaya."

"Na wewe ulidanganya ya nini?"

"Nilimwogopa dada yangu. Nilijua akisikia umejifunga mwenyewe atasema nilikuwa wapi. Nikaona bora niseme mimi ndiye, ili anigombeze kwa kosa ninalolijua."

Waliipandisha ile pikipiki kwa ubao, watatu, wakaifunga pande nne, tairi la mbele likabanwa kwenye kona ya bodi. Mpiga picha akakaa nyuma na mizigo yake, na Mzee Kamba akapanda mbele.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kurudi na pikipiki mbovu akiwa amekaa mbele. Hakujua aweke wapi miguu. Mkanda ulimshinda, shemeji akamfungia. Waliondoka, na kila gari lilipopunguza mwendo mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu tupu, na kila lilipoongeza, shingo yake iligeuka kwenda kwenye dirisha la nyuma, akatafuta kitu barabarani, kisha ikarudi. Tuta, akageuka. Kona, akageuka.

Karibu na daraja shemeji alichoka.

"Shemeji, tazama mbele," akasema. "Huko kwenye kamba hakuna mtu."